“Makala iliyopewa tuzo inasema mama abadilishe dawa”: jibu la daktari wa moyo

“Daktari, mama yangu ana miaka 54, tunaishi Arua, Uganda. Mwaka 2021 alikutwa na vali ya moyo iliyobana kwa sababu ya homa ya rumatiki aliyougua utotoni, na mapigo yake hayana mpangilio. Tangu hapo anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kila mwezi apimwe INR, kile kipimo cha kuona damu inachukua muda gani kuganda, na mara nyingi tunafika hospitali tunaambiwa vifaa vya kupimia vimekwisha, twende maabara ya kulipia. Mwezi uliopita INR ilikuwa 1.6, na mwezi wa kabla yake 4.1. Ameacha kula dodo (mchicha) kabisa, anasema chakula kimepoteza ladha. Sasa binamu yangu anayesomea ufamasia Kampala ametutumia kwenye WhatsApp tangazo kwamba makala iliyolinganisha warfarini na vidonge vipya imepewa tuzo ya makala bora ya mwaka katika jarida kubwa la moyo, na kwamba vidonge hivyo havitaki kupimwa damu. Famasi ya mjini wanavyo. Daktari wetu amekataa katakata. Je, hajasoma? Wataalamu wa dunia wakiipa makala tuzo, si maana yake imethibitishwa? Na hizo tuzo hutolewaje?”

Ndugu yangu,

Kabla ya yote, msibadilishe dawa ya mama. Kama mmeshavinunua vidonge hivyo, viwekeni kando. Kama ameshaanza kuvimeza, msimwongezee warfarini juu yake na wala msimwachishe vyote viwili. Mpelekeni kwa daktari wake leo, ikishindikana kesho asubuhi, mkiwa na pakiti yenyewe mkononi, kwa sababu kuhama kutoka dawa moja ya kuzuia damu kuganda kwenda nyingine kuna hesabu yake. Hilo likishaeleweka, tukae tuzungumze polepole.

Nimesoma swali lako mara tatu, na ninachokisikia humo zaidi ya yote ni uchovu: nauli, foleni, “vifaa vimekwisha, rudini Alhamisi”, namba inayopanda na kushuka kama bei ya nyanya, na mama anayekula bila hamu. Mtu aliyechoka namna hiyo akiletewa habari kwamba kuna kidonge kisichotaka kupimwa damu, tena wakubwa wa dunia wamekipigia makofi, haachi kuuliza kwa nini ananyimwa. Hukukosea kuuliza. Ila daktari wenu hajapitwa na wakati. Kwa maelezo uliyonipa, amesoma, na amesoma makala inayomhusu mama yako.

Tuanze na tuzo, maana ndizo zilizowatia shaka.

Majarida makubwa ya tiba ya moyo huchapisha mamia ya makala kila mwaka, na mengine huchagua chache za kuzipa heshima. Circulation, jarida la chama cha moyo cha Marekani, hutoa tuzo za makala bora. JACC, jarida la chuo cha madaktari wa moyo cha nchi hiyo hiyo, lina tuzo ya waandishi vijana yenye jina la William W. Parmley, aliyewahi kuwa mhariri wake mkuu. Revista Española de Cardiología la Uhispania nalo hutoa zake kila mwaka. Utaratibu unafanana huku na huko: wahariri huchuja kwanza, jopo la wataalamu husoma zilizobaki na kuzipa alama, kisha washindi hutangazwa, mara nyingi kwenye mkutano mkuu wa chama. Pengine mashindano hugawanywa, utafiti wa maabara ukapambana na wa maabara, wa wagonjwa na wa wagonjwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye jopo la aina hiyo, dogo tu, la jarida nitakaloliacha bila jina. Tulikuwa watano, tukapewa makala kumi na moja na fomu yenye maswali manne. Je, swali la utafiti ni jipya? Mbinu ni imara? Maandishi yanaeleweka? Matokeo yatawafanya wataalamu wafikiri tofauti? Tulibishana jioni mbili. Makala moja ilihusu mioyo ya panya, na ilikuwa nzuri kiasi kwamba mzee mmoja kati yetu, mtu asiyesifu ovyo, alisema angetamani angeiandika yeye. Ndiyo iliyoshinda. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa wake wa Jumatatu asubuhi angefaidika na kitu chochote mle ndani. Fomu haikuuliza, na haikupaswa kuuliza, kwa sababu tuliitwa kupima makala.

Hapo ndipo penye fundo la swali lako. Fikiria fundi wa Kampala aliyeshona gomesi, lile vazi la heshima la akina mama, na gomesi hiyo ikapewa zawadi ya mwaka kwenye maonyesho. Zawadi inasema fundi ni hodari, mishono imenyooka, kitambaa kimechaguliwa kwa jicho. Haisemi kwamba itamkaa mama yako. Ili ujue hilo, itabidi uulize ilipimwa kwenye mwili wa nani. Makala ya tiba ni hivyo hivyo. Swali la kwanza ambalo mgonjwa anapaswa kuuliza juu ya utafiti wowote, wenye tuzo au usio na tuzo, ni hili: waliochunguzwa walikuwa akina nani?

Binamu yako hakutuma jina la makala, kwa hiyo siwezi kuihukumu hiyo yenyewe. Lakini sifa za hivi vidonge vipya zilijengwa juu ya tafiti nne kubwa zinazojulikana: RE-LY ya mwaka 2009, iliyotumia dabigatrani kwa watu 18,113, ROCKET AF na ARISTOTLE za mwaka 2011, zilizotumia rivaroksabani na apiksabani, na ENGAGE ya 2013, ya edoksabani. Ukizijumlisha, ni zaidi ya watu 70,000. Ni kazi nzuri kweli kweli, na zilibadilisha tiba ya moyo duniani. Wenye mapigo yasiyo na mpangilio waliotumia dawa hizi walikingwa na kiharusi sawa na wale wa warfarini au zaidi yao, na kuvuja damu kichwani kulipungua. Kwa hiyo binamu yako hakudanganya.

Ila kila utafiti huwa na mlango, na mlangoni huwa na orodha ya wasioruhusiwa kuingia. Katika tafiti zote nne, watu wenye vali ya mitrali (mojawapo ya milango ya ndani ya moyo) iliyobana sana waliachwa nje. Wengi walioingia walikuwa wazee ambao mapigo yao yamevurugwa na umri, shinikizo la damu na kisukari. Mwanamke wa Arua mwenye vali yenye makovu ya rumatiki hakuwemo. Hakuna aliyemdharau. Watafiti walihofu kwamba ugonjwa wake ni mwingine, na hofu yao ilikuwa na msingi.

Ngoja nikueleze ni mwingine kivipi. Mtoto wa miaka saba au kumi anaumwa koo, na vidudu viitwavyo streptokoka vinakaa humo. Mwili wake unatengeneza askari wa kupambana navyo. Kwa baadhi ya watoto, askari hao wanachanganya adui na wenyeji: wanaona vali za moyo zinafanana na kidudu, wanazishambulia. Viungo vinavimba, homa inapanda, kisha yote yanapoa na nyumbani wanashukuru Mungu. Lakini vali imebaki na makovu. Miaka inapita, mtoto anakuwa mama wa watoto, na ile vali ya mitrali, mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, inazidi kuwa ngumu hadi midomo yake inashikana. Damu inasongamana huku juu. Chumba kinatanuka, na kuta zikishatanuka umeme wake unavurugika, kwa hiyo badala ya kusukuma zinatetemeka tu. Damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, ndicho kiharusi.

Kwa hiyo mama yako ana mambo mawili kwa pamoja, mtetemo na mlango uliobana. Wale 70,000 wengi wao walikuwa na mtetemo tu. Je, dawa iliyomfaa mwenye jambo moja itamfaa mwenye mawili? Kwa kufikiri tu ungesema ndiyo, na mimi kwa miaka kadhaa nilidhani hivyo.

Kuna kisa kingine kilichotangulia, na ndicho kilichopaswa kutuonya. Dabigatrani, ile iliyong'ara mwaka 2009, ilijaribiwa baadaye kwa watu waliowekewa vali za chuma, katika utafiti wa RE-ALIGN uliochapishwa mwaka 2013. Uliingiza watu 252 tu kabla ya kusimamishwa. Waliotumia dabigatrani walipata viharusi 9 vya damu kuganda, na upande wa warfarini hakuna hata mmoja, na hata kutoka damu kwingi kulizidi upande wa dabigatrani. Ilikuwa dawa ile ile na miaka minne tu imepita. Walioisifu makala ya 2009 hawakukosea hata kidogo, na bado mwenye vali ya chuma angejipa dawa hiyo kwa sababu ya sifa zile angeumia.

Ndipo tunafika kwa mama yako. Agosti 2022, kwenye mkutano wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliofanyika Barcelona, ulitangazwa utafiti wa INVICTUS, na makala yake ikatoka katika New England Journal of Medicine. Safari hii mlangoni waliitwa wale wale waliokuwa wakiachwa nje: watu wenye ugonjwa wa vali wa rumatiki pamoja na mapigo yasiyo na mpangilio, kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Waliohesabiwa katika matokeo ni 4,531. Wastani wa umri ulikuwa miaka 50 na nusu, na karibu robo tatu walikuwa wanawake. Sijui kama kuna utafiti unaomfanana mama yako kuliko huo. Waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa rivaroksabani, nusu warfarini na ndugu zake.

Wengi tulitarajia sare, au rivaroksabani ishinde kidogo. Haikuwa hivyo. Waliopata kiharusi, bonge la damu mahali pengine mwilini, mshtuko wa moyo, au waliokufa kwa maradhi ya moyo na mishipa au kwa sababu isiyojulikana, walikuwa 560 kati ya 2,275 upande wa rivaroksabani, na 446 kati ya 2,256 upande wa warfarini. Vifo pia vilikuwa vingi zaidi kwenye dawa mpya, na kwa kutoka damu kwingi hakukuwa na tofauti ya maana. Na aliyegharamia utafiti huu ni kampuni ya Bayer, ambayo ndiyo inayouza rivaroksabani! Ukitaka kujua kwa nini bado nina imani na utafiti wa tiba, pamoja na madoa yake yote, hilo ni mojawapo.

Kuna jambo humo linalonisumbua hadi leo. Tofauti ya vifo haikutokana hasa na viharusi. Ilitokana na watu waliofariki ghafla na wale ambao moyo ulishindwa kusukuma damu. Kwa nini warfarini imkinge mtu na hayo? Wapo wanaodhani ni zile safari za kupima INR zenyewe, kwamba anayelazimika kufika kliniki kila mwezi huonwa miguu ikianza kuvimba, hubadilishiwa mapema dawa za kupunguza maji mwilini. Sijashawishika kikamilifu, lakini kila ninapomwona mgonjwa analalamikia foleni ya INR huwa nalikumbuka.

Na hili nililiweka kwa ajili yako: INR za watu wa INVICTUS hazikuwa nzuri. Walipoingia, karibu theluthi moja tu ndio waliokuwa ndani ya kiwango kinachotakiwa. Baadaye wakafika kama sita kati ya kumi. Yaani warfarini ilishinda ikiwa inatumika katika hali zinazofanana na zenu, namba zikipanda na kushuka. INR ya 1.6 na ya 4.1 zinahitaji kushughulikiwa, lakini hazisemi kwamba dawa imemkataa mama.

Sasa, tuzo na uthibitisho vinatofautianaje? Makala ni hatua moja. Baada yake wataalamu wengine huijaribu kwa watu wengine, kisha kamati za miongozo ya tiba hukaa na tafiti nyingi mezani, zenye sifa na zisizo na sifa, na kuandika nani apewe nini. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2023 na ile ya Ulaya ya 2024 inasema jambo moja kuhusu mtu kama mama yako: mwenye vali ya mitrali iliyobana kwa kiasi cha kati au zaidi abaki kwenye warfarini. Daktari wenu aliposema hapana, hakuwa peke yake.

Hata majarida makubwa huteleza. Unakumbuka mwaka 2020, siku za korona, mabishano ya hidroksiklorokwini? Makala mbili zilizotumia takwimu za kampuni iitwayo Surgisphere, moja katika Lancet na nyingine, iliyohusu dawa za moyo, katika New England Journal of Medicine, ziliondolewa siku moja, tarehe 4 Juni, kwa sababu takwimu hazikuweza kukaguliwa. Zilikuwa zimesomwa na kunukuliwa duniani kote. Ndiyo maana mimi huzitilia mashaka zaidi tuzo zinazohesabu makala “iliyonukuliwa zaidi” au “iliyofunguliwa zaidi”, maana makala hunukuliwa hata na wanaoipinga.

Na kuna tuzo za uongo kabisa. Mwambie binamu yako alitazame tena lile tangazo. Mimi hupokea barua pepe kila mara zikinipongeza kwa kushinda “tuzo ya kimataifa ya mtafiti bora wa moyo”, na chini kabisa naombwa dola mia kadhaa za usajili ili nikabidhiwe cheti. Jarida la kweli halimuuzii mshindi ushindi wake. Kama tangazo halitaji jarida, mwaka wala majina ya waandishi, na badala yake lina picha ya pakiti ya dawa, hilo ni tangazo la biashara.

Usije ukaniona nazidharau tuzo. Kijana aliyekesha miaka mitatu juu ya takwimu anastahili kupigiwa makofi, na mara nyingine makofi hayo ndiyo yanayomfanya asiuache utafiti. Ninachosema ni kwamba thamani ya makala kwa mgonjwa haitegemei makofi. Mwaka 1948 daktari Jack Davies, akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa ambao ngozi ya ndani ya moyo inakuwa nene na ngumu hadi moyo unashindwa kujaa damu. Aliuandika katika East African Medical Journal, jarida la huku huku kwetu, na duniani wapo waliouita ugonjwa huo kwa jina lake. Karibu zaidi na nyumbani kwenu, pale Gulu, Emmy Okello wa Uganda Heart Institute na Andrea Beaton na wenzao waliwapima watoto zaidi ya laki moja kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, wakawapata wenye dalili za mwanzo kabisa za rumatiki kwenye vali, ambazo mtoto mwenyewe hazisikii. Watoto na vijana 818 wakagawanywa, nusu wakichomwa penisilini kila wiki nne. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa 33 wa kundi lisilochomwa, na kwa 3 tu wa kundi la sindano. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Ukiniuliza mimi makala ipi ya moyo ya muongo huu inaihusu familia ya Arua, sitatafuta orodha ya washindi, nitakutajia hiyo. Na kwa kuwa mko nyumba yenye watoto, mtoto akiumwa koo kwa homa bila mafua msimalize na asali na chumvi, apelekwe kituo cha afya.

Turudi kwa mama. Njia zilizopo ni chache, na nitazisema zilivyo.

Ya kwanza ni kubaki na warfarini na kuituliza ile INR. Kwa vali ya mitrali iliyobana pamoja na mapigo yake, kwa kawaida tunataka namba iwe kati ya 2 na 3. Ikiwa 1.6 kinga imepungua, ikiwa 4.1 hatari ya kutoka damu inaanza kukua. Namba ikirukaruka, mara nyingi chanzo kipo nyumbani. Tafuteni daftari, lile la kawaida la kurasa 96, muandike kila siku saa aliyomeza na kiasi alichomeza. Azoee kumeza saa ile ile kila siku, jioni ni nzuri, maana kama amepimwa mchana na dozi ikabadilishwa anaanza usiku huo huo. Kila dawa nyingine iandikwe. Septrini na metronidazoli, ambazo hapa kwetu mtu hupewa hata kwa tumbo kuuma, hupandisha INR sana. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Diklofenaki na ibuprofeni zinazouzwa dukani kwa maumivu ya mgongo zinaweza kumtoa damu tumboni hata INR ikiwa nzuri. Maumivu yakizidi apate parasetamoli, na isiwe ya kila siku bila daktari kujua. Dawa za miti shamba pia zisemwe. Wagonjwa wengi hutuficha hizo wakidhani tutawagombeza, na kweli wapo wanaogomba, lakini namba haifichiki. Dozi ikisahaulika, asimeze mbili kesho yake.

Kuhusu vifaa vya kupimia, ulizeni kama kuna mahali pa karibu penye kile kimashine cha tone la damu la kidole, na mpige simu kabla ya kupanda takisi. INR ikishatulia miezi kadhaa, daktari anaweza kukubali vipimo viachane zaidi. Mwombeni hilo waziwazi.

Ya pili ni hivyo vidonge vipya. Sitakuambia kwamba haviwezi kutumika kamwe. Kama eko itaonyesha kwamba vali haijabana kihivyo, mazungumzo yanabadilika. Na wapo wagonjwa ambao INR kwao haiwezekani kabisa, hakuna maabara wala nauli, na daktari akipima baya na baya zaidi anaweza kuchagua dawa mpya kuliko kumwacha mtu bila kinga. Huo ni uamuzi wa kufanywa na daktari aliyeiona eko, wala haufanywi kwenye kaunta ya famasi. Ninyi hamjafika huko. Jambo moja tu silikubali: kuachana na vyote na kumeza aspirini. Haimkingi mtu wa namna hii.

Ya tatu ni kuitazama vali yenyewe. Swali ambalo ningependa mmuulize daktari wenu ni hili: eko ya mwisho ilikuwa lini, na mlango unafunguka kiasi gani? Kama ni ile ya 2021, imezeeka. Vali nyingine zinaweza kupanuliwa kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, nyingine zinahitaji upasuaji, na Uganda Heart Institute pale Mulago ndipo wenye kuamua hayo. Lakini mjue mapema kwamba vali ikishapanuliwa, maadamu mapigo bado yametawanyika, warfarini inaendelea. Na akiwekewa vali ya chuma, ni warfarini ya maisha.

Mambo ambayo hayangoji siku ya kliniki ni haya: mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kutoka ovyo, kichwa kuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, au kugonga kichwa hata kama anaonekana mzima, kinyesi cheusi kama lami, kutapika damu, pua kutoka damu isiyokoma, kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi. Lolote kati ya hayo, hata iwe saa nane ya usiku, tafuteni gari mwende hospitali ya rufaa, na mchukue lile daftari.

Limebaki dodo. Sijui nani alimkataza mama, lakini katazo hilo nalisikia kila wiki na linanikera. Majani yana vitamini K, na warfarini hufanya kazi kwa kulizuia ini lisiitumie tena na tena vitamini hiyo kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Kwa hiyo ukila majani mengi leo INR inashuka, ukiyaacha wiki mbili inapanda. Kinachoivuruga ni kuruka, leo sufuria zima, kesho hakuna. Yawezekana hata ile 4.1 ilikuja alipoacha ghafla, ingawa bila daftari siwezi kuapa. Mwambieni daktari kwamba mama anataka kurudia mboga yake, ili INR ipimwe wiki moja au mbili baadaye na dozi irekebishwe ifuate chakula. Kisha mpikieni dodo na karanga kama alivyozoea, bakuli lile lile, siku zile zile za wiki.